Mpwa wangu kaambiwa ana mwili wa modo (mwanamitindo), hii kazi ikoje? (Tupo Tanga)

Mjomba_Ngamiani

Wadau habari za humu, wakubwa shikamooni. Naomba mnieleweshe mwenzenu maana hapa nyumbani kikao hakiishi. Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 17 anatimiza 18 mwezi wa kumi, kamaliza form four, matokeo si mabaya ila si ya kujisifia. Mtoto mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, akipita huku Ngamiani watu wanageuza shingo. Sasa sikukuu ya Idi kuna kijana kampiga picha pale Tangamano akairusha Instagram, toka siku hiyo kila mtu anamwambia wewe modo wewe modo na yeye kichwa kimejaa upepo, habari za chuo hataki kuzisikia.

Juzi kajitokeza mtu anajiita skauti, yaani mtafuta mamodo, wa ejensi ya Dar. Anataka laki tatu na nusu, ndani yake kuna usajili, kambi na picha, anasema miezi miwili tu mtoto yupo Afrika Kusini. Dada yangu kakataa katakata, yeye anajua modo ni wale wasichana wanaotingisha kwenye video za muziki basi. Mimi kama mjomba nimewekwa kati nitoe neno na sina neno. Hii ni kazi kweli au ni kiini macho cha mitandaoni? Na modo ni hao wa jukwaani tu au kuna wa namna nyingine? Na hiyo hela nitoe nisitoe? Urefu nimempima na tepu ya fundi, miguu peku, futi 5 na inchi 8.

kijiti_cha_duga

Mjomba kwa urefu huo mpeleke netiboli hahaha. Wenzio kwa mabinti wanapokea mahari wewe unataka kutoa laki tatu na nusu.

DadaChumbageni

Mjomba shikamoo. Achana na huyo wa netiboli. Hii kazi mimi nimeifanya Dar miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani kuuza vitenge, nikwambie ninayoyajua. La mwisho nalijibu kwanza, usitoe hata mia, sababu ntakuja kuieleza.

Kazi ni kazi kweli. Modo analipwa ili kitu cha mtu kinunuliwe, sasa inategemea hicho kitu ni nini na mnunuzi ni nani, ndo maana aina ni nyingi. Hao wa jukwaani mnaowaona wamenuna ndio wanajulikana sana ila ndio wachache. Kule nje wanawake wanaanzia futi 5 na inchi 9 hivi, wanaume futi 6 kwenda juu, na watu wanadhani ni ubaguzi wa uzuri, hapana, mbunifu anashona sampuli moja moja kabla ya onyesho kwa hiyo yeyote atakayepanda jukwaani lazima aingie kwenye nguo ile ile. Hawatakupunguzia wala kukuongezea. Mpwa wako kwa inchi 8 hapa kwetu anapita, kwenye majukwaa kama Swahili Fashion Week aliyoianzisha Mustafa Hassanali 2008 pale Dar sioni wa kumzuia, ila Paris na Milan hiyo inchi moja watamkumbusha kila usaili. Na kule kwenyewe msimu ni mwezi mmoja hivi, New York, London, Milan, Paris, mara mbili kwa mwaka, miezi mingine hao hao warefu wanaishi kwa kupiga picha za maduka ya mtandaoni, nguo sitini kwa siku, vaa vua vaa vua.

Halafu kuna wa magazeti ya mitindo. Huko jina linakuwa kubwa na mfuko mdogo, jalada la gazeti kubwa linaweza kulipa kidogo kuliko tangazo la dawa ya meno. Watu hawaamini. Jalada unalifanya ili wenye hela wakuone.

Hela yenyewe ipo kwenye matangazo ya kawaida, bango la benki, laini za simu, sabuni, unga, bima. Pale wanatafuta mtu anayefanana na mteja, baba mwenye kitambi, bibi mwenye tabasamu, mama mnene aliyebeba mtoto, mfupi, mrefu, yeyote. Ndio huko hata wewe mjomba unaweza kuitwa ukavalishwa kofia ukashikishwa mahindi ukaambiwa cheka kama mkulima aliyepata mkopo.

Wengine kwa haraka, wapo wa saizi kubwa ambao ni soko lao kamili si huruma, wapo wa mazoezi, wapo wa promosheni wanaosimama Sabasaba na supamaketi kuonjesha watu juisi, na wapo wa mikono. Wa mikono ndio walikuwa wananichekesha. Tulikuwa naye mmoja kwenye tangazo la chai, kazi yake kumimina chai kikombeni, anamimina, wanamwaga, anamimina tena, mpaka mvuke upande wanavyotaka wao. Sura yake haionekani kabisa. Yule dada hakuni nazi, hachambui dagaa, hapigi pasi, akipanda daladala anavaa glavu na joto lote lile la Dar. Na siku ile alilipwa kutuzidi sisi wenye sura.

Hao wa video za muziki anaowasema dada yako nao ni aina, ila ni kipande tu, na wengi wanalipwa cha siku bila hata karatasi.

Kitu kingine msichanganye modo na miss. Miss ni mashindano, unajibu maswali, unakaa na taji. Ni mlango tu, wengine wanaingilia hapo, Millen Magese alikuwa Miss Tanzania 2001 ndo akaenda kufanya kazi nje. Flaviana Matata alishasomea mambo ya umeme, 2007 akaenda Miss Universe kule Mexico na kipara chake, Tanzania ndo kwanza inashiriki, akaingia kumi bora, baadae akafanya kazi New York. Mwambie mpwa wako hilo la kusoma umeme ulisisitize. Herieth Paul kazaliwa Dar lakini kazi kaianzia Kanada familia ilipohamia, huyo kafika mpaka Victoria's Secret wa nguo za ndani na Maybelline wa vipodozi. Ukiwaangalia hao wote hakuna hata mmoja aliyefanya kazi hizo kubwa akiwa amekaa kwao, na hilo mlijue mapema.

FundiMakorora

Dada kaongea vizuri ila kuna aina moja kairuka na ndo ipo hapa hapa Tanga. Mimi nashona madera na abaya za jumla. Kabla sijakata belo zima nina binti namwita, urefu wa kawaida, sura ya kawaida, hana hata ukurasa wa Instagram, lakini mabega, kifua, kiuno na nyonga vimekaa saizi yangu ya katikati kamili na mwaka mzima havichezi. Anavaa sampuli kwanza inaning'inia na nyuzi, simwambii asimame vizuri, namwambia ajifunge ushungi, ananyanyua mikono, anakaa kwenye kigoda, anainama kama anaokota mtoto, anapanda ngazi. Halafu ananambia, fundi kwapa la kulia linavuta, hapa nyuma ya shingo pananikaba, nikikaa pindo linapanda mpaka ugoko. Naweka pini, napiga chaki, natoa nusu inchi. Neno lake moja linaniokoa nisirudishiwe mzigo mzima toka Mombasa.

Namlipa kwa siku na picha yake haiendi popote. Viwanda vikubwa vya nje vina watu kama hao wameajiriwa kabisa, wanakaa ofisini wanavaa nguo kutwa. Sasa mjomba mama mtu kama anachoogopa ni mtoto kuanikwa, hii inamfaa. Shida ni moja, kwa wembamba na urefu huo nguo zangu mimi zitamwelea.

sheikh_wa_pangani

Assalam alaykum. Mimi niseme tu ukweli japo sitopendwa. Sisi watu wa pwani tuna staha zetu. Binti wa miaka 17 anapimwa kiuno na nyonga na wanaume asiowajua, anavuliwa anavalishwa nyuma ya pazia, halafu tunasema ni ajira. Mjomba mtu ndiye nguzo, ukilegea wewe nani atasimama? Elimu kwanza.

DadaChumbageni

Waalaykum salaam sheikh. Wala sikubishii, nyuma ya pazia kule nimekuwepo, onyesho likianza kuna mkurupuko, watu wanabadilisha nguo mbele za watu na ukiomba shuka wanakuona unaringa. Ila yapo mapatano. Halima Aden, Msomali kazaliwa kambi ya Kakuma hapo Kenya akakulia Marekani, alisaini na IMG, ejensi kubwa ya mamodo, 2017 akiwa na hijabu yake na masharti yake yakaingia kwenye mkataba, akatembea majukwaa makubwa hivyo hivyo. Na nikupe upande wako pia, mwaka 2020 mwenyewe alitangaza kuacha majukwaa, akasema ameona alikuwa anasogezwa kidogo kidogo mpaka hijabu yenyewe haikuwa tena ile aliyoanza nayo. Kwa hiyo masharti ya dini yanawekwa kwa maandishi na bado unahitaji mtu wa kuyalinda.

Ila siku hizi soko la nguo za stara ni kubwa mno, hizo abaya na mitandio ya hapa kwetu nani anazipigia picha? Maduka yanatundika kwenye sanamu la plastiki lisilo kichwa. Kuna kazi pale imelala.

Picha_Bagamoyo

Naingia kama mpiga picha, nipo Bagamoyo. Hizo picha anazouziwa kwenye kifurushi cha laki tatu na nusu, mjomba, ejensi ya kweli wala haizitaki mwanzoni. Zile za vipodozi kilo mbili, nywele za kubandika, taa nyekundu na mandhari ya mnazi hazimsaidii anayetafuta mtu. Wanachotaka ni picha za kawaida kabisa, wenyewe wanaziita polaroidi kutokana na zile kamera za zamani ila siku hizi hata simu inatosha. Ukuta mweupe au wa rangi moja, mtoto asimame akitazama dirisha saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, jua lisimpige moja kwa moja. Fulana ya kubana ya rangi moja na jinzi, kama anavaa ushungi na avae wa kubana uonyeshe umbo la uso, hana poda, hana wanja, nywele zimebanwa nyuma. Piga uso kwa karibu akitazama mbele, akiwa hajacheka na akicheka meno yaonekane, geuza kulia, geuza kushoto, halafu mwili mzima mbele, pembeni na nyuma. Simu ishike usawa wa kifua chake ukipiga mwili mzima, ukiishika juu unamfupisha na ukiishika chini unamtengenezea miguu ya twiga na watu wa kazi wanajua hizo janja. Andika urefu wa kweli. Akidanganya inchi moja siku ya usaili kuna rula ukutani.

Zile picha za kupendeza zinakuja baadae, akishapata watu. Wengi wanakuja huku kwetu kupiga kwenye magofu ya Kaole na milango ya mji mkongwe, ukija kwa kazi ya biashara pita kwanza pale ofisini uombe kibali, usije ukaanza kubishana na mlinzi mwanga wenyewe unaondoka. Na kama anataka kujifunza mwili badala ya kulipia kambi ya siku tatu ya kutembea na vitabu kichwani, TaSUBa ipo hapa, ndio kile Chuo cha Sanaa cha tangu 1981. Tangazo la televisheni linataka mtu anayeweza kuigiza, kucheza na kusikiliza maelekezo, aliyepita kwenye ngoma na maigizo anaonekana tu hata ukimpiga picha ya kusimama.

Lingine watu wanalisahau ni matumizi ya picha. Duka linakupa elfu hamsini upige picha za magauni, sawa, za ukurasa wao wa mtandaoni miezi mitatu. Baada ya mwaka unajikuta kwenye bango barabara kuu na kwenye maboksi ya bidhaa mpaka Kenya. Hiyo ni hela tofauti kabisa. Aandike kabla, picha zinatumika wapi, muda gani, nchi gani. Mstari mmoja tu hata kwa WhatsApp ni bora kuliko hakuna.

Mjomba_Ngamiani

Nawashukuru sana, nasoma hapa na dada yangu pembeni, hiyo ya yule wa mikono imemchekesha. Nimeongea tena na yule skauti jana usiku, kanitumia mkataba wa kurasa mbili, miaka mitano, wao wanachukua asilimia 40. Nikamuuliza ofisi iko wapi akasema ofisi inahama. Na anasema mtoto amtumie picha akiwa na nguo za kuogelea kwa WhatsApp usiku huo huo ndio atoe vipimo. Hapo ndio nimeshtuka. Au ndio utaratibu wa huko?

msomi_wa_raskazone

MJOMBA ASITUME HIZO PICHA. Samahani kwa herufi kubwa. Huyo ni mtoto kwa sheria ya Mtoto ya 2009, chini ya 18 ni mtoto, mtu mzima anayeomba picha za mtoto nusu uchi usiku huyo sio skauti. Vipimo vinachukuliwa kwa tepu, mama yake anaweza kupima akaandika kwenye karatasi, kifua kiuno nyonga urefu na namba ya kiatu, yameisha. Hizo meseji msizifute, zipelekeni dawati la jinsia polisi wazione.

Kwny hela utaratibu uko hivi. Ejensi inapata hela modo anapopata hela. Inamtafutia kazi, mteja analipa, inakata yake anabaki na yake. Asilimia 20 ndo imezoeleka, kule New York wameiwekea sheria kabisa, ilisainiwa Desemba 2024 ikaanza kazi Juni 2025, ejensi haruhusiwi kuzidisha 20 na haruhusiwi kudai hela ya kuingilia. Sasa huyu wenu anataka 40 na hela ya kuingilia juu! Kuna ejensi mama, yaani ile ndogo ya nyumbani inayomuibua mtoto, inamfundisha, halafu inamuunganisha na kubwa za nje, nayo inakula kwenye asilimia ya kazi, haili kwa mzazi.

Ila hata hizo za kweli muwe nazo macho. Tiketi, chumba cha kulala na picha za majaribio wanaweza kukulipia wao kwanza halafu wanaandika deni, ukianza kufanya kazi wanakata. Wapo mabinti wanafanya kazi Ulaya msimu mzima na wanarudi wanadaiwa. Kabla ya kusaini uliza hilo, nani analipia nini na nisipopata kazi deni linakuwaje.

Na haraka ya nini? Makampuni makubwa yenyewe yanakwepa watoto, Kering, kampuni ya Ufaransa yenye chapa za nguo za Gucci na Saint Laurent, tangu 2020 hawachukui modo wa chini ya miaka 18 kwenye nguo za wakubwa. Asubiri hiyo mwezi wa kumi. Kwa hapa nchini waulizeni kama wamesajiliwa BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, mpige simu kule mhakikishe, msikubali picha ya cheti. Na safari za nje za kazi za ghafla mtu ananunuliwa tiketi na asiyemjua, hizo ndizo sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 inazizungumzia.

kijiti_cha_duga

Ofisi inahama kama sarakasi? Haya nimeacha utani, mjomba mblok huyo mtu.

msomi_wa_raskazone

Amblok baada ya kupeleka ushahidi, sio kabla.

Mjomba_Ngamiani

Tumekubaliana hivi, kesho dada anaenda mwenyewe dawati, meseji zote tumezihifadhi. Mtoto kanuna lakini kakubali. Picha za dirishani tutapiga Jumamosi, nyumba yetu ukuta wa kijani sijui itafaa? Mpaka mwezi wa kumi ajiandae kurudia mtihani wa hesabu na aanze kwa hao wa maduka. Dada Chumbageni unasema una vitenge, sijui hata hapo dukani kwako kama mama yake akiwepo?

DadaChumbageni

Waje wote wawili, hata alasiri. Nina mzigo mpya hata sijautundika. Hela yake ni ndogo lakini nampa mkononi siku hiyo hiyo, na tunaandikishana picha zinatumika kwenye ukurasa wangu tu. Ushungi avae akitaka.

Picha_Bagamoyo

Kijani kinatupa rangi usoni mjomba, atatoka kama mgonjwa. Tundika shuka jeupe lisilo na maua, ulipige pasi kwanza maana mikunjo inaonekana.

kijana_kange

Wakuu na mimi niulizie hapa hapa, mwanaume futi 5 na inchi 6, niko stendi ya Kange nauza tiketi, nina nafasi gani?

DadaChumbageni

Jukwaani hapana kaka, nisikudanganye. Mabango ya mabasi, bia, simu, rangi za nyumba huko hawapimi, wanaangalia kama ukicheka mtu anakuamini. Weka picha tuone meno.

kijana_kange

Jino la mbele moja sina.

FundiMakorora

Mikono je?